Dongodongo ya Mpala

Mama Bertille alikuwa amechuchumaa bustanini, karibu na mto Lukuga, hapa Kalemie. Alichokora udongo kwa kidole. Mbegu zake za dongodongo, yaani bamia, zilikuwa zimeoza. Zilinuka.

"Siméon, kuja uone! Hata moja haikuota!"

Bwana yake alikuja na mswaki mdomoni. "Tununue zingine sokoni."

"Sokoni? Hii ni dongodongo ya kijiji cha Mpala, mbegu ya mama yangu. Yeye alishaenda kwa Mungu. Ni hizi tu zimebaki."

Alifungua kitambaa. Ilibaki konzi moja ya mbegu.

Jirani yao, Mama Godelieve, muuza miche ya mboga, alisikia, akaingia.

"Bertille, ulifanya je?"

"Niliziloweka Jumamosi jioni. Jumapili ni siku ya Mungu, hatutumiki kazi yoyote. Jumatatu nikapanda."

Godelieve alipiga makofi, akacheka. "Mama! Umezizamisha! Mbegu inapumua kama muntu. Usiku mumoja unatosha. Mungu hakatai uzitoe mu maji asubuhi, mbele ya misa!"

"Halafu nipande Jumapili?" Bertille alikunja uso.

"Hapana. Zitandaze juu ya kitambaa, kivulini, zikauke tena. Zitakungoja mpaka Jumatatu. Lakini ndani zimeshaamka. Zikipata udongo wenye maji, zinaota haraka, zote pamoja."

"Zinalala macho wazi," alisema Siméon, "kama mulinzi mwenye kuogopa chef wake!"

"Na kuoza je?" aliuliza Bertille.

"Mu udongo kuna kuvu, ukungu ule unaoozesha mbegu. Zikikauka, tutazipaka dawa ya kuvu. Si mbele ya kuloweka. Maji yataondoa dawa yote."

Jumamosi jioni Bertille aliloweka ile konzi ya mwisho. Alfajiri alizitoa, akazitandaza kivulini, akaenda misa. Siku hiyo alisali sana.

Jumatatu Godelieve alileta dawa. Alisoma maandishi ya pakiti kwa sauti, apate kipimo. Bertille akaleta sufuria.

"Weee!" Godelieve alimzuia. "Hii ni sumu! Utapikia nini bugali?"

Walichukua kopo kuukuu lenye kifuniko. Walivaa glavu, wakafunga pua kwa kitambaa. Walitia dawa kidogo tu, wakatikisa mpaka kila mbegu ikapata rangi ya dawa.

"Sasa haziliwi tena," alisema Godelieve. "Hata kuku asizionje."

Walipanda zote, wakamwagilia. Kopo waliliweka mbali na watoto. Kisha walinawa kwa sabuni.

Haikupita hata wiki. Asubuhi moja Siméon alisikia mke wake anapiga kelele. Alitoka mbio na povu la sabuni usoni, fimbo mkononi.

"Nyoka iko wapi?"

"Nyoka gani! Angalia!"

Mstari mzima wa kijani ulikuwa umepasua udongo. Siméon alitupa fimbo, akaanza kucheza palepale.

"Simama!" Bertille alilia na kucheka pamoja. "Siméon, simama! Utanikanyagia mama!"