Vipokezi vya Mzee Mkude

"Mimi mashine hainitishi," Bi Mwantumu alimwambia Daktari Kobelo. "Tangu nizaliwe sijaogopa mashine. Labda ile ya kukamulia miwa. Na lifti. Na hii."

Hii ilikuwa Kichungulio. Morogoro ilijivunia chombo hicho kuliko hata magari yake yanayopaa juu ya Uluguru. Mgonjwa hulazwa chini yake, na ubongo wake huchorwa hewani kwa nuru, mkubwa kama chumba, hata mtu akaweza kutembea kati ya mishipa yake kama anayepita shambani. Kitandani alilala mumewe, Mzee Mkude, mdomo umelegea upande wa kushoto. Kiharusi. Na juu yake ulikuwa umechanua mti mwekundu wenye matawi yasiyohesabika, wote ukidunda.

"Subhanallah! Kumbe mna vitu humu," Bi Mwantumu akanong'ona. "Miaka arobaini nilidhani ni ubishi mtupu."

Daktari, mwanamke asiyecheka ovyo, akaonyesha tawi moja lililoingia giza.

"Hapa damu imeziba. Unaziona hizi seli zilizoukumbatia mshipa? Tunaziita seli kumbatio. Kila moja ina vipokezi, vijilango vya kupokelea ujumbe. Kichocheo cha ukuaji kikibisha hapo, seli husikia: shika, usiachie. Zikiachia, mshipa unavuja na ubongo unafurika."

Akainua vichupa viwili. Ndani yake mlikuwa na vibarua, mashine ndogo kiasi kwamba elfu kumi hutoshea kwenye ncha ya sindano, na kazi yao ni moja tu: kubisha hodi kwenye vipokezi.

"Hiki ni cha mwanzo wa ugonjwa, hiki ni cha aliyechelewa. Nikikosea, mshipa utapasuka kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo, mama, kilimwanza saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, mwanangu. Saa tano kasorobo. Alikuwa anakunywa chai, mara kikombe puu!"

Daktari akachukua kichupa cha kwanza. Akakiweka mahali pake. Kisha akasita, akasogeza uso karibu na lile tawi la giza. Kando yake palielea vumbi la dhahabu, zuri ajabu, likizunguka polepole.

"Mama," akasema bila kugeuka, "haya ni mabaki ya vipokezi vilivyokatika. Havikatiki mpaka saa mbili nzima zipite. Hivi havina sababu ya kunidanganya."

Bi Mwantumu akalitazama vumbi lile. Ndani ya kichwa cha mumewe hata ukimya wake yeye mwenyewe ulikuwa umeandikwa.

"Tulikuwa tunacheza bao," akasema. "Saa tatu nikaona ameyaacha mashimo yake ya kushoto, kama yamefutwa. Kete zimejaa tele, hazigusi. Nikasema moyoni, uzee huo. Halafu mkono ukamlegea."

"Na hukuita msaada?"

"Leo nilikuwa namshinda. Sijawahi kumfunga, mwanangu. Hata mara moja."

Daktari alirudi mezani. Alibadilisha kichupa.

Vibarua waliingia kama mvua ya nuru. Walipanda matawi, wakajipanga, wakaanza kubisha. Seli moja ikatetemeka, ikanyoosha vidole vyake vyembamba, ikaukumbatia tena mshipa. Ikafuata ya pili. Ya kumi. Punde tawi zima likawa limeshikwa, kama watu walioshikana mikono kuvuka mto uliofurika, na giza likarudi nyuma hatua kwa hatua. Bi Mwantumu alitazama mdomo wazi, machozi yakimtiririka, asijue kama ni ya hofu au ya kustaajabu.

"Mshipa umeshika," daktari akasema mwishowe. "Ataishi. Mkono wa kushoto siwezi kukuahidi. Saa mbili zile hatuna mashine ya kuzirudisha."

Adhuhuri Mzee Mkude alifumbua macho. Mkewe alikuwa ameketi kando, ameushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, na mzee mwenyewe hausikii.

"Mama Tunu," akasema kwa ulimi mzito. "Nani kashinda?"

"Wewe, Baba Tunu. Kama siku zote. Umenifunga mpaka nimeona haya."

Mzee akamgeuzia uso.

"Mwongo wewe. Ningekufunga, saa hizi ungekuwa umeninunia."