Mkubwa wa Miaka Minne

"Usinijibu! Weka nguo zake kwenye begi. Leo anaenda Nyamahanga."

"Siku mbili kabla ya Krismasi? Jovitus, mtoto ana miaka minne!"

"Na meno anayo. Tazama mguu wa mwenzake!"

Suzan aliutazama mguu wa binti yake, Irakoze. Alama za meno zilikuwa pale, nyekundu, zimejipanga. Irakoze alikuwa na miezi miwili tu. Alikuwa bado analia. Kaka yake, Derick, alisimama kwenye mlango wa jikoni. Baba yake, Jovitus, alikuwa amemchapa fimbo mbili, lakini hakulia.

Nje, Anatory alikuwa anafunga mkungu wa ndizi kwenye pikipiki. Anatory ni mdogo wake Jovitus. Alikuja hapa Kasulo asubuhi kuwasalimia. Sasa alikuwa anarudi Nyamahanga, anakoishi na mama yao.

"Derick!" aliita akicheka. "Njoo tupande. Mama yako ameshapata mwingine. Wewe umepitwa!"

Kila mgeni alisema hivyo. Tangu Irakoze azaliwe, wageni walimpita Derick kama wanapita kigingi cha mbuzi. Walileta kanga za mtoto, sabuni ya mtoto, soksi za mtoto. Halafu walimtania mkubwa. "Kitanda kimechukuliwa!" "Mama si wako tena!" Wakacheka. Derick naye alicheka, kisha akaenda kumfinya mtoto. Siku ya Krismasi Irakoze angebatizwa. Gauni lake jeupe lilining'inia ukutani. Derick alilitazama kila asubuhi. Yeye hakuwa na nguo mpya.

"Hodi!"

Alikuwa Febronia, mhudumu wa afya wa kijiji. Watu humwita Mama Aline.

"Karibu, Mama Aline. Shikamoo," Suzan alisema.

"Marahaba. Nimesikia kelele tangu kwenye migomba. Kuna nini humu?"

Suzan alimwonyesha mguu. Febronia aliushika, akaugeuza, akautazama vizuri.

"Ngozi haijapasuka. Uoshe kwa maji safi na sabuni. Ingekuwa imepasuka, tungekwenda zahanati sasa hivi. Nani alikuwa na watoto?"

"Nilikuwa nje nachambua maharage," Suzan alisema. "Nilimwambia Derick amwangalie."

"Mtoto wa miaka minne si yaya. Na huyu mwenye wivu ndiyo kabisa! Usiwaache wawili peke yao, hata dakika moja. Ukitoka, toka na mmoja."

"Huyu ana roho mbaya," Jovitus alisema.

"Ana wivu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Sikiliza, Jovitus. Tuseme kesho Suzan analeta mwanamume mwingine humu ndani. Anakuambia: huyu ni mzuri, mpende, mpishe kitandani. Wageni wanakuja, wanamletea yeye soda. Wewe wanakucheka. Utafanyaje?"

"Atamng'ata," Suzan alisema.

Anatory alicheka huko nje mpaka kamba ikamtoka mkononi. Jovitus hakucheka.

"Kwetu ndivyo tunavyofanya," alisema. "Mdogo akizaliwa, mkubwa huenda kwa bibi. Mimi mwenyewe nilipelekwa, huyu Anatory alipozaliwa."

"Ulikaa muda gani?"

"Miaka miwili."

"Uliporudi?"

Jovitus alitazama chini. "Nilimwamkia mama kama mgeni. Nilimwita shangazi. Na huyu alikuwa amekaa mapajani kwake, anakula yai."

"Yai!" Anatory alidakia. "Kaka, miaka thelathini! Bado unalikumbuka yai?"

"Na mpaka leo mama akipakua chakula, anakuita wewe kwanza."

Anatory aliacha kucheka.

"Mmesikia?" Febronia aliuliza. "Mtu mzima, ana ndevu, bado anamwonea mdogo wake wivu. Mnataka na Derick awe hivyo? Kwenda kwa bibi si kosa. Kumpeleka sasa hivi, na kwa hasira, ndilo kosa. Ataamini Irakoze amemfukuza nyumbani. Na mkimchapa, atajifunza kung'ata msipomwona."

"Sasa tufanye nini?" Suzan aliuliza.

"Kila siku mmoja wenu akae na Derick peke yake, hata kwa muda mfupi. Mtoto asiwepo. Wageni wakija, wamsalimie yeye kwanza, halafu yeye awapeleke wakamwone mdogo wake. Mpeni kazi anayoiweza. Alete nepi, achague kanga. Akifanya vizuri, mwambieni. Akitaka kupiga, mshike mkono. Mwambie: najua umekasirika, lakini mtoto hapigwi. Na hayo matani yenu, komeni. Nyie mnacheka, yeye anaamini."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema akimtazama Anatory.

"Ataacha leo?" Jovitus aliuliza.

"Haachi leo. Pengine kesho atafinya tena. Lakini mkiendelea hivyo, atapunguza, kisha ataacha."

Jovitus alichukua begi ambalo Suzan alikuwa ameshaanza kulijaza. Alitoa shati, kaptura mbili na sweta. Alivirudisha vyote kwenye sanduku la nguo.

"Kaka, nimwambie nini mama?" Anatory aliuliza. "Tangu Irakoze azaliwe anamsubiri Derick."

"Mwambie tutakuja Januari, sote wanne. Na tutarudi sote wanne."

Anatory alichuchumaa mbele ya Derick. "Baba, nilikutania vibaya. Hujapitwa. Sawa?"

Anatory alimshika kichwa, akapanda pikipiki, akaondoka.

Suzan alikwenda kuuosha mguu wa Irakoze. Jovitus alichukua mundu uliokuwa juu ya dirisha.

"Derick, twende tukakate nyasi za kutandika sebuleni kwa ajili ya Krismasi. Mimi nakata, wewe unabeba."

Derick alimtazama mama yake, kisha akamtazama mtoto.

"Irakoze anakuja?"

"Haji. Ni mimi na wewe tu."

"Hata akilia?"

"Hata akilia."

Derick alivaa kandambili, ya kulia kwenye mguu wa kushoto, akatangulia mbio kuelekea bondeni.