Mchi Uliobaki Hewani

Jioni hiyo mtunza picha alibakiza sanduku moja tu afunge kazi. Wiki nzima alikuwa akiziingiza picha za kaskazini kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine: vilima vikavu, mifugo, wanawake kisimani. Picha za miaka sabini iliyopita, na nyuma yake hakuna jina la mtu hata mmoja. "Mwanamke akitwanga." Basi.

Alikuwa akilifunika sanduku mlango ulipogongwa.

Alikuwa mzee mrefu, mkavu kama ukuni, kofia mkononi. Nyuma yake alisimama mlinzi wa getini.

"Nimemwambia tumefunga," mlinzi akalalamika. "Lakini huyu mzee ukimpa sikio moja anachukua yote mawili."

"Shikamoo, mzee," mtunza picha akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona mama."

Akanyoosha kidole. Kwenye sanduku.

Mlinzi akarudi getini akitikisa kichwa. Mtunza picha hakuwa na moyo wa kumfukuza mtu wa umri ule, akamtolea picha iliyokuwa juu kabisa. Mwanamke kijana ameuinua mchi juu ya kichwa, kinu mbele yake, mtoto mgongoni.

"Ndiye," mzee akasema. "Na huyo mgongoni ni mimi. Walimpiga picha hii, na mwaka hakuumaliza. Lakini namsikia akihema, mwanangu. Kila nikilala... anahema. Ameuinua mchi, hajaushusha."

Chumba kikaanza kunuka vumbi la nafaka.

Mzee akainama, midomo ikakaribia kuigusa picha.

"Mama," akanong'ona. "Shusha. Umechoka."

Kimya...

Ndu!

Sakafu ikatetemeka. Kalamu zikabingirika mezani. Mtunza picha akajikuta ameshika ukuta. Alipothubutu kuitazama picha, mchi ulikuwa ndani ya kinu. Mikono ya yule mwanamke imelegea. Na kitambaa cha mbeleko mgongoni kimelala bapa.

Hakuna mtoto.

Akageukia kompyuta. Nakala aliyoiingiza mchana bado ilionyesha mchi hewani, na mtoto yupo.

Alipogeuka, mzee alishatoka. Akamkimbilia hadi getini. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, kichwa ameegemeza ukutani, kama msafiri aliyefika.

"Kasema miguu imemwisha nguvu, anapumzika kidogo," mlinzi akaeleza, akamgusa mzee shingoni. Akauondoa mkono kama aliyeshika kaa la moto.

"Dada... huyu ameshakwenda."

Viganja vya mzee vilikuwa wazi, vyeupe kwa unga.

Waliokuja kuuchukua mwili walisema ni moyo, na umri. Mtunza picha hakubishana nao. Angewaambia nini?

Nyumbani alimkuta mama yake akichambua mchele. Mama alizaliwa huko huko kaskazini, akahama akiwa binti. Mtunza picha akamsimulia habari za mchi. Habari za benchi akazimeza.

Mama akaacha kuchambua.

"Hakuna picha ya wavulana wakivuka mto?"

Mtunza picha aliikumbuka vizuri. Wavulana watano, wa mwisho maji yamemfika kidevuni, mdomo wazi. Siku zote alidhani anacheka.

"Ipo," akasema, na papo hapo akatamani angekana.

"Wa mwisho ni kaka yangu. Mjomba wako. Hatukumzika, maana hatukumpata." Sauti ya mama ilikuwa tulivu mno. "Tangu utoto, nikilaza kichwa kwenye mto, nausikia mto ule ukipita. Kesho nipeleke, nikamwambie apumzike."

"Mama, kesho nina kazi nyingi..."

"Usiponipeleka nitakwenda mwenyewe. Kukaa kwenye benchi nikikungoja hakunishindi."

Mtunza picha akamwona tena yule mzee kwenye benchi. Mama akainuka, akaenda chumbani kulitoa gauni lake jema, akaurudisha mlango taratibu.

Lazima amwambie yaliyompata mzee. Usiku huu huu. Akauendea mlango, akainua mkono abishe.

Ndani, mtu akakohoa. Kikohozi kizito, cha majimaji, cha mtoto wa kiume.

Kisha sauti ya mama ikanong'ona, kwa upole ambao mwanawe hakuwahi kuusikia:

"Vumilia, kaka. Ni usiku mmoja tu."