Tanuru la Majivu la Mama Henriette

Tshimanga alivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe kwa miaka kumi na miwili, na kila kitu kizito alikiheshimu. Hata bukari, yaani ugali, ikiwa laini aliirudisha jikoni. Mkewe, Henriette, alitaka tanuru jipya la mikate yake ya kuuza. Basi Tshimanga akalijenga kwa zege nene la saruji, mchanga na kokoto za Kakontwe.

"Beto ya nguvu!" alijigamba. "Hata bajukuu yetu batapikia mikate humu."

Moto wa kwanza ulipokolea, tanuru lilipasuka pa! pa! Vipande vikaruka. Tshimanga alijificha nyuma ya mkewe.

"Ni bulozi! Batu balituroga!"

Henriette hakucheka, alitaka kulia. Baada ya wiki tano mdogo wake Bénie angeolewa, na mikate ya harusi aliiahidi yeye. Aibu ya ukweni haifutiki kwa sabuni.

Alimwita jirani yao Mama Gertrude, fundi wa tanuru. Gertrude akaokota kokoto iliyoanza kuwa nyeupe.

"Papa Tshimanga, kule Kakontwe, majiwe bakiichoma inakuwaka nini?"

"Chokaa, inabomoka."

"Na weye ulitia nini humu?"

Tshimanga akaitazama ile kokoto ya Kakontwe.

"Tena beto nzito inafunga maji ndani," Gertrude alieleza. "Moto ikiwaka, maji inakuwa mvuke. Inakosa njia, njo inapasua. Tutatia majivu na matofali ya kuchoma, ya kuponda. Ile beto ni nyepesi, iko na matundu mingi ya hewa. Moto haiipite mbio, inabakia ndani."

"Majivu? Kintu ya kutupa?"

"Njo ile. Ya tanuru ya kuchomea matofali, hapana ya kiwanda ya madini. Ile iko na sumu."

Wakachekecha majivu, wakaponda matofali, wakachanganya na saruji na maji kidogo, wakajenga upya. Siku saba walilifunika tanuru kwa magunia yaliyolowa maji. Wiki mbili wakaliacha likauke. Kisha wakawasha moto mdogo, kila siku wakiuongeza kidogo.

Siku ya harusi, mikate ikiwa ndani, Tshimanga aligusa ukuta wa nje. Ulikuwa vuguvugu tu.

"Mama Henriette! Moto imezimika! Minye nilisema!"

Akafungua mlango, akachungulia. Nyusi zake zote mbili zikaungua.

Mikate mia mbili iliiva vizuri, na Henriette alicheka kwa furaha. Karamuni, baba wa bwana harusi alikula minne, kisha akauliza, "Nani alijenga ile tanuru?"

Tshimanga alisimama bila nyusi, akakohoa. Henriette akamkazia macho.

"Mama Gertrude," Tshimanga alisema. "Minye nilibeba tu majivu."