Mgeni wa Maharusi Wadogo

Harufu ya hina ilianza Ijumaa, muda mfupi baada ya Bibi Taqiyya kumpigia simu mwanawe aliyeko Ibb, nchini Yemen, na kumkubalia kwamba mjukuu wake Arwa, wa miaka kumi na sita, ataolewa na binamu yake kiangazi. Nyumba yao ya Dearborn haikuwa na hina hata chembe. Bilqis, mama yake Arwa, alinusa mapazia, akanusa nguo zilizofuliwa, mwishowe akanusa nywele za binti yake aliyekuwa akisoma mezani.

"Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu, mama. Na mwambie bibi siolewi. Nina mtihani wa hesabu Jumatatu. Mume nitamweka wapi, kwenye begi?"

Bibi akacheka. "Mimi niliolewa nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kwani nilikufa?"

"Ulikufa," Arwa akajibu, kwa sauti nzito ya kikongwe, katika lafudhi ya milimani ambayo mtoto yule, mzaliwa wa Michigan, hakuijua. "Usiku ule ulitoka mwilini, Taqiyya, nikalala mimi badala yako. Nawe Bilqis, ulikuwa na kumi na mitano, ulijificha chini ya kitanda mimi nikiwa juu. Sasa nimemfuata huyu."

Sahani ikamponyoka bibi. Wakatazamana, yeye na Bilqis bintiye, huku juu ya kitabu cha hesabu viganja vya Arwa vikianza kuwa vyekundu, polepole, kuanzia kwenye kucha hadi kwenye vifundo, ua baada ya ua, bila mkono wowote kuyachora.

"Mama," Bilqis akanong'ona, "nawe pia alikujia?"

"Alinisitiri. Nilijua atakusitiri na wewe."

"Ukajua, na bado ukanioza!"

Bilqis akanyakua simu, akampigia kaka yake kule Ibb. "Arwa haolewi. Si kiangazi hiki, si kijacho. Akikua atachagua mwenyewe." Akakata.

Wekundu ukafifia. Arwa akainamisha kichwa mezani, akaomba maji.

Theluji ilipoyeyuka, kaka mtu akapiga simu, bado amenuna. Mwanawe alikuwa ameoa yatima wa jirani, wa miaka kumi na minne.

"Bi harusi anataka kukusalimu," akasema. "Sijui jina lako kalijulia wapi."

Simu ikabadilishwa mikono.

"Bilqis, mwanangu," ikasema sauti ya kikongwe. "Huyu hana mama wa kunifukuza."