Nyota Pembeni mwa Skrini

Tak. Tak-tak. Tak.

Kulikuwa bado giza, na Kidole alisikia kibodi ikigongwa upande wa pili wa pazia. Sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha kila alfajiri. Mama hakuwasha taa asije akamsumbua mwanawe. Alichapa kwa mwanga wa skrini tu. Hakujua kwamba mwanawe alikuwa macho kitambo, akizisikiliza herufi kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio shuleni. Nyumbani aliitwa Kidole, kwa sababu tangu alipojifunza kutembea hakupita karibu na kitufe bila kukibonyeza. Mama hupenda kusema kwamba jirani yao wa kwanza alihama kwa sababu ya kengele ya mlango wake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka wewe, au kimeamka kidole peke yake?"

Kidole alicheka, akasogeza stuli karibu na meza. Kwa miaka miwili Mama alikuwa akifagia zahanati mchana na kusoma darasa la jioni la kuchapa na kompyuta. Sasa zahanati ilihitaji mtu wa kuchapa taarifa zake akiwa nyumbani, na mganga mkuu alikuwa amelitaja jina lake.

"Mkaguzi wa zahanati anakuja kesho, Jumamosi, saa tatu asubuhi," Mama alisema. "Taarifa za wagonjwa ni siri za watu. Kwa hiyo ataangalia kama kompyuta hii haina virusi, na kama mfumo wake una leseni halali. Akiridhika, anatia saini, nami naweka ufagio chini. Ukirudi shuleni utanikuta nyumbani."

"Na asiporidhika?"

"Ufagio upo pale pale nyuma ya mlango, haujaenda popote."

Mama alisema hivyo kwa mzaha. Kidole aliutazama ufagio na hakucheka.

Kompyuta yenyewe haikuwa mpya, ila ilikuwa na jambo moja ambalo Kidole alilipenda sana. Ndani yake mlikuwa na kompyuta nyingine. Ukibofya alama ya sanduku, dirisha lilifunguka, na ndani ya dirisha hilo ukaona skrini tupu, safi, kama nyumba ambayo bado haijahamiwa. Liliitwa sanduku la majaribio. Faili lolote la mtu usiyemjua ulilijaribia humo kwanza. Kama lina virusi, vitahangaika humo humo. Ukilifunga sanduku, kila kilichokuwemo kinafutika.

Sheria ya Mama ilikuwa fupi: "Mchezo wowote wa kuletewa, sandukuni. Nusu saa, basi."

Alasiri hiyo Kidole alirudi kutoka shuleni na rafiki yake, msichana aliyeketi naye dawati moja. Darasa zima lilimwita Profesa, kwa kuwa hakukuwa na swali lililowahi kumkosesha jibu, hata kama jibu lenyewe halikuwa sahihi. Profesa alikuwa amepata mchezo wa kupanga matofali, akautuma kwa baruapepe. Kidole akafuata sheria. Alifungua sanduku, akauweka mchezo humo. Ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kufunguka alipoyaona maandishi ya kijivu kwenye kona ya chini, upande wa kulia.

*Mfumo huu hauna leseni iliyothibitishwa.*

Kidole aliyasoma mara mbili.

"Haya hayakuwepo," alisema.

Profesa aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. "Wewe Kidole, umeshaiua kompyuta ya watu."

"Sijagusa kitu!"

"Wewe? Usiguse kitu? Hebu niambie lingine." Kisha akaona macho ya mwenzake yakilengwa na machozi, akashusha sauti. "Sikiliza. Hiyo ni leseni imetoka. Binamu yangu anauza vocha na kuchapishia watu karatasi, ananiambia kila kitu. Kompyuta ikikosa leseni unaipa namba nyingine, inanyamaza. Namba ninayo."

Aliitoa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la hisabati: herufi na tarakimu ishirini na tano, zimeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Waliijaribu ndani ya sanduku. Ikakataa.

"Ni kwa sababu humu ni ndani," Profesa alisema bila kusita. "Mgonjwa ni kompyuta yenyewe. Iweke huko nje."

Kidole aliitazama simu ndogo iliyoachwa rafuni. Mama alikuwa amemwambia ampigie wakati wowote. Lakini angeanzaje? *Mama, ile leseni anayokuja kuiangalia mkaguzi kesho, nimeiharibu.* Aliutupia jicho ufagio, akalifunga sanduku, akaichapa ile namba kwenye kompyuta yenyewe.

Safari hii haikukataa. Ilisema *Tafadhali subiri*, ikazima, ikawaka. Na pale pembeni, juu ya picha ya maua aliyoichagua Mama, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na kitu, yalikuwepo yale yale maandishi ya kijivu.

Profesa alilifunga daftari lake la hisabati. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza hakuwa na jibu. "Nadhani… nyumbani wananisubiri," alisema, akachukua begi lake.

Kidole alibaki peke yake na mlio wa feni ya kompyuta. Alizima, akawasha. Maandishi yapo. Akazima tena, akahesabu hadi mia, akawasha. Yapo. Saa kumi na moja kasorobo akasikia viatu vya Mama kwenye ngazi. Hapo ndipo alipoukumbuka ukurasa wa vibandiko alivyopewa na mwalimu kwa kupata hesabu zote. Alibandua nyota moja kubwa ya rangi ya dhahabu, akaibandika juu ya kona ya skrini. Maandishi yakatoweka chini yake.

Mama aliingia, akavua viatu, akaiona.

"Nyota yako ya hesabu? Umeiweka kwenye kompyuta yangu?" Alikaribia, akaigusa kwa ncha ya kidole. "Ili kesho iniendee vizuri?"

Kidole alitikisa kichwa kukubali. Mama akamkumbatia, na harufu ya sabuni ya kuoshea sakafu ikamjaa puani. Kukumbatiwa kule kuliuma kuliko kuchapwa. Jioni hiyo aliuacha mkate wake mezani.

Tak. Tak-tak.

Alfajiri ya Jumamosi sauti ilianza mapema kuliko siku zote. Kidole alilala macho wazi, shuka mpaka kidevuni. Mama alikuwa akifanya mazoezi, na tena alikuwa akiimba chini chini, jambo asilolifanya saa kama hizo. Kila herufi ilimgonga Kidole kifuani. Alifikiria mkaguzi akiibandua ile nyota. Alifikiria uso wa Mama mbele ya mgeni, akiwa hajui lolote.

Alitoka kitandani, akasimama kwenye pazia.

"Mama, nyota si ya kukutakia heri."

Wimbo ukakatika. Kidole aliyasema yote kwa mfululizo, asije akaishia njiani: mchezo, maandishi, namba ya Profesa, kibandiko. Alipomaliza, Mama aliibandua nyota taratibu, akayasoma maandishi. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza hatimaye.

"Kumi na mbili na nusu."

"Niletee simu."

Fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili alikuwa mwanamke mrefu, aliyezoea kuchomeka bisibisi nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake. Alipofika, na Mama akaanza kuomba radhi kwa kumwamsha, alimkatiza: "Mimi naamshwa na kompyuta za watu, mama. Saa ya ukutani nimeiweka kwa ajili ya urembo." Alimsikiliza Kidole mpaka mwisho, kisha akamfungulia sanduku.

"Maandishi ya kwanza uliyaona wapi? Humu ndani au huku nje?"

"Humo ndani."

"Na huku nje palikuwa safi?"

Kidole alifikiri. "Palikuwa safi. Sikuangalia vizuri."

Fundi alishusha pumzi. "Mwanangu, kompyuta haikuwa na tatizo. Sanduku hili huzaliwa upya kila ukilifungua. Limekuwa kama mtoto mchanga: mama yake ana vyeti vyote, lenyewe hata jina halijaandikishwa. Siku nyingine linaitambua leseni ya mama yake, siku nyingine linalalamika kuwa halina. Ni vijitabia vyake tu. Ukilifunga, na malalamiko yamekwisha."

"Kwa hiyo ningelifunga tu?"

"Ungelifunga tu. Au ungeuliza. Ile namba ndiyo iliyoleta balaa. Ni namba ya kuokota, ya toleo jingine la mfumo. Kompyuta imeipokea, ikaitoa leseni yenu halali ili kuipisha, halafu ikagundua kuwa mgeni wake hana kitambulisho."

Mama alishusha mkebe wa biskuti kutoka juu ya kabati. Humo, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha Kidole, mlikuwa na karatasi ya leseni. Fundi aliichapa namba. Ikakataliwa: toleo si lenyewe. Akalirudisha toleo la zamani kwanza. Kompyuta ikazima, ikawaka, duara dogo likaanza kuzunguka katikati ya skrini nyeusi.

Saa mbili. Duara linazunguka. Saa mbili na robo. Mama alifua nguo ambayo tayari ilikuwa safi. Kidole alikaa chini, magoti kifuani, macho kwenye lile duara, akiogopa hata kupepesa.

Saa tatu kasorobo picha ya maua ilirudi. Fundi aliichapa tena namba ya kwenye karatasi. Kompyuta ikafikiri. Kona ya kulia ilikuwa tupu.

"Imethibitishwa," fundi alisema, akarudisha bisibisi nyuma ya sikio ingawa hakuwa ameitumia.

Mama alichuchumaa mbele ya Kidole, macho yao yakawa sawa.

"Kuogopa si kosa. Hata mimi naogopa, nimeamka nayo hofu. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulimficha mgonjwa ambaye hata hakuwa mgonjwa, ukampa dawa ya kuokota. Kitu kikikutisha, kilete kwangu kingali kidogo. Nitakasirika, pengine. Hasira zangu huwa zinaisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nenda ukanawe uso, mgeni anakuja."

Kidole alinyoosha mkono kuitupa ile nyota iliyobaki mezani, lakini Mama aliichukua, akaibandika kwenye fremu ya skrini, mahali isipofunika chochote.

Mkaguzi alifika saa tatu kamili, bibi mwenye miwani minene na mkoba uliojaa karatasi. Alikagua virusi, akakagua leseni, akafungua mpaka sanduku. Maandishi ya kijivu yakatokea. Alimgeukia Mama.

"Hayo ni ya sandukuni tu," Mama alisema kwa utulivu. "Ukilifunga, utaona kompyuta yenyewe ina leseni yake."

Mkaguzi alilifunga, akaangalia, akatabasamu kidogo. "Wengi hawalijui hilo." Akatia saini nakala ya kwanza, kisha ya pili. Zote mbili zilikuwa bado mkononi mwake alipoinama karibu na skrini.

"Na nyota hii nzuri ni ya nini?"

Fundi alitazama dari. Mama alimtazama mwanawe, akangoja. Nyuma ya mlango ufagio ulikuwa umeegemea ukuta. Kidole alihisi masikio yakimwaka, akasogea hatua moja mbele, akasema:

"Niliibandika jana ili nifiche kosa langu."