Nyasi za Chumba cha Mama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kokushubila alichota maji kisimani, akafagia uwanja, akawapa mbuzi maganda ya ndizi. Kisha alisimama mlangoni mwa chumba cha mama yake na kusikiliza. Zamani kazi hiyo ya mwisho haikuwapo, kwa kuwa Mama Benigna alikuwa wa kwanza kuamka pale nyumbani, na sauti yake ilifika hadi kwa majirani. Lakini tangu mtoto wao mchanga alipofariki, Mama alishinda chumbani, amelala ameelekea ukutani, haongei wala hali chakula cha kushiba.

Chumba chenyewe kilikuwa giza. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa magome makavu ya mgomba, kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi, na sakafuni zilikuwapo nyasi zilezile zilizotandazwa wakati wa matanga, sasa zimepondeka na kutoa harufu ya ukungu. Watu wa kijiji chao cha Izimbya wanajua kwamba nyumba hutandazwa nyasi mpya mara kwa mara. Nani angezibadilisha? Baba, Mzee Rugaibula, alikuwa akiogopa hata kumgusa mkewe bega, seuze kumwondolea nyasi alizolalia.

Ndipo alipokuja Shangazi Ephrasia kutoka Nshamba, na kikapu chake kichwani.

Koku hakufurahi. Alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba Shangazi na Mama walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Waligombania mpaka wa kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, na tangu hapo wakisalimiana ni kwa kuwa kuna watu wanaowatazama. Sasa huyu amekuja kufanya nini? Anamwonea huruma Mama, au amekuja kuona kama kweli amekwisha?

"Shangazi, utakaa sana?" Koku aliuliza.

"Mpaka nimalize kazi yangu."

"Kazi gani?"

"Utaiona," alijibu Shangazi, akacheka peke yake.

Jibu hilo lilimkaa Koku rohoni kama mwiba. Akaanza kumchunguza. Alimwona akikusanya jivu na kuliweka kando. Alimwona akirudi kutoka bondeni na udongo mweupe ameufunga kwenye jani la mgomba. Alimwona akikwangua masizi chini ya chungu na kuyatia katika kifuu. Mtu mwenye nia njema anafanya nini na masizi?

Koku alimweleza rafiki yake Kemilembe, na Kemilembe hakuwa mtu wa kuzima moto. Yeye alikuwa wa kuupulizia.

"Bibi yangu anasema," alinong'ona Kemilembe, "mtu akitaka kukumaliza, huchukua nyasi ulizolalia. Akiondoka nazo, ameondoka na nguvu zako. Chunga nyasi za mama yako!"

Ikafika siku ya shamba la ujamaa. Kijiji kizima kilikwenda kupalilia, wanafunzi pia, majembe mabegani na nyimbo midomoni. Shangazi naye alikwenda. Lakini jua lilipoanza kuwa kali, Koku aliinua kichwa akaona jembe la Shangazi limeegemezwa kwenye mti na mwenyewe hayupo. Aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, akakimbia hadi nyumbani, akajificha nyuma ya mibuni.

Akaona kwa macho yake. Mama alikuwa ameketishwa nyuma ya nyumba juani, amejifunika kanga. Shangazi akatoka chumbani na mzigo mkubwa wa nyasi kuukuu, akaenda kuutupa mwisho wa kibanja. Akaingia tena, akakaa sana. Kisha akatoka, mikono myeupe hadi viwikoni, akachukua mtungi na kushuka kisimani.

Koku aliingia chumbani mbio. Akapigwa na butwaa. Dirisha lilikuwa wazi. Kuta zilikuwa zimepakwa udongo mweupe uliokuwa bado na majimaji, na sakafuni kulikuwa na nyasi mbichi zenye harufu ya bonde baada ya mvua. Kona moja ilikuwa imeanza kuchorwa mapambo meusi kwa yale masizi. Kwa kweli chumba kilipendeza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mtu asiyempenda Mama ampambie chumba kwa nini, kama si kuficha jambo?

Hakungoja jibu. Alikimbia mwisho wa kibanja, akabeba zile nyasi za matanga na kuzimwaga zote juu ya nyasi mpya, akazisambaza kwa mikono. "Nguvu zako zimerudi, Mama," alisema polepole. Kisha akaenda kuokota kuni, ameridhika kama askari aliyelinda daraja.

Mchana Mzee Rugaibula alirudi kutoka shambani, akamkuta mkewe juani, akajipa moyo kumshika mkono ili amrudishe ndani. Mama alifika mlangoni, akaangalia chini, akaona nyasi mbichi zimefunikwa na zile za matanga, akapiga ukelele uliomfanya Koku aangushe kuni zake uwanjani.

"Nyasi za mwanangu! Nani amezirudisha? Mnataka nimzike tena?"

Mzee Rugaibula uso ulimbadilika. Nyasi za matanga zikitoka hazirudi ndani. Anayezirudisha anaita msiba mwingine. Ndivyo alivyolelewa kuamini. Akamgeukia dada yake, aliyekuwa ndiyo kwanza ametua mtungi.

"Ephrasia! Nyumbani ulikuwa wewe peke yako. Kumbe ule ugomvi wa kibanja haukuisha? Funga mzigo wako, uondoke sasa hivi."

Shangazi alifungua mdomo. Kisha macho yake yakamwangukia Koku, ambaye nywele na sweta vilikuwa vimejaa vipande vya nyasi nyeusi. Alielewa yote. Lakini hakumtaja. Aliingia ndani, akatoka na kikapu chake, akaanza kukunja kanga yake taratibu.

Koku aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Shangazi angekwenda, na ule ukuta ungebaki na mapambo ya kona moja. Akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Waitu, Tata, nakusihi usimfukuze. Ni mimi niliyezirudisha. Nilidhani Shangazi anamloga Mama."

Shangazi aliweka kikapu chini, mabega yakaanza kumtikisika. Koku akadhani analia, kumbe anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mimi mchawi! Na ningeloga kwa kupaka kuta?" alisema. "Nilifanya kwa siri kwa sababu nilijua mama yako angekataa. Mimi pia nilizika mtoto, Koku. Nililala katika giza mpaka jirani alipokuja kunifungulia dirisha."

Mzee Rugaibula alikohoa, akatazama miguu yake. "Dada, nimekukosea," alisema. Akachukua nyasi kuukuu pamoja na mbichi zilizochanganyika nazo, akazipeleka mwisho wa kibanja na kuzichoma moto. Koku na Shangazi walishuka bondeni kukata nyingine, na jioni ile chumba kilitandazwa upya.

Mama aliingia polepole. Mwanga wa jua la jioni ulipita dirishani ukagusa ukuta. Alisimama, akavuta pumzi ndefu, akagusa mapambo kwa ncha ya kidole.

"Ephrasia," alisema, "mstari huu umeupinda."

"Amepona!" Shangazi alipiga makofi. "Akianza kunikosoa, amepona!"

Si kwamba Mama alipona siku hiyo. Majonzi hayafagiliwi kama vumbi. Lakini jioni ile alikula ndizi na maharage hadi sahani ikawa nyeupe, na asubuhi alikuwa amesimama ukutani na kifuu cha masizi, akiunyoosha ule mstari. Alimwita Koku, akampa unyoya wa kuku wa kuchorea.

"Mwanangu," alisema, "chumba kichafu na chenye giza kinamzidishia mgonjwa ugonjwa. Moyo nao ni chumba. Ukiufungia shaka ndani bila kuuliza, hata mtu anayekuletea mwanga utamwona mwizi. Shangazi yako ungemuuliza mara ya pili, angekujibu. Na uliposema kweli mbele ya baba yako, ulinifungulia dirisha la pili. Haya, chora. Nyoosha mkono, usipinde kama shangazi yako."

"Nimesikia!" Shangazi aliita kutoka jikoni.